Mkaangaji wa Soya wa Maili Moja

Kidawa hakuwahi kumjua kwa jina. Kwake alikuwa Mama Soya tu, mkaangaji wa Maili Moja, nyuma ya maduka ya vyakula vya mifugo. Alikaanga soya kwenye pipa lililopasuliwa, mkono wa kulia ukiigeuza kwa koleo, wa kushoto ukichota punje ya kuonja. Punje ikilia “ka!” menoni, alitabasamu; ikinyamaza, aliendelea kugeuza. Siku moja Kidawa alifika kutoka Kisarawe akihema, kwa kuwa vifaranga wake walikuwa wamedumaa kwa kula soya mbichi.

“Epua hivyo hivyo, mama, watakufa njaa!”

“Kwani anayeiva ni wewe? Mbichi tumbo haliinyonyi, na iliyoungua vilevile. Tulia, mwanangu.”

Wakapiga soga, wakacheka mpaka soya ikaungua. Mama Soya akaimwaga yote shimoni, kisha akafungua gunia la soya alilokuwa ameliweka kwa ajili ya kuku wake mwenyewe na kuanza upya. Vifaranga wa Kidawa walinenepa. Siku hizi Kidawa hununua chakula kilichosagwa tayari, lakini kila afunguapo mfuko, mkono wake wa kushoto hutangulia ndani, ukitafuta punje ya kung'ata.