Mtungi Wangu na Dawa ya Matufe

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchonga vinyago Mwenge mpaka mgongo ukamkataa. Akarudi nyumbani Manzese, akakaa barazani, na kutoka barazani akaanza kunifundisha kupika. Wali maji yamezidi. Nazi umeiwahisha. Mwanamume asiye na kazi ana macho mengi kuliko mkunga.

Basi nilishukuru alipopata kazi ya matufe. Kuna mchezo huko mjini, watu wazima wanaviringisha tufe zito kuangusha miti iliyosimama kama chupa. Tufe lina matundu ya vidole, na vidole vya watu havifanani. Likipata mwenyewe mwingine, matundu ya zamani yanazibwa, yanatobolewa mengine. Kuziba ndiyo kazi ya mzee wangu. Anachanganya dawa mbili za maji, anamimina tunduni, inakuwa jiwe.

Ila dawa ile haitaki joto. Karakana yetu ni mabati juu na ubavuni, mchana unaweza kukaangia yai humo. Akaomba nafasi kwenye friji langu. Nikamwambia friji lina ukwaju wa biashara, na kisicholiwa hakikai na kinacholiwa. Akanyamaza. Nilipaswa kujua, maana mtu yule hajawahi kunyamaza kwa kukubali.

Asubuhi moja jirani akaja kununua ukwaju. Nikatoa chupa, nikaiinamisha kwenye glasi. Hakikutoka kitu upesi, kikaja kizito kinajivuta, kinanuka rangi ya mlango.

Jirani akaitazama ile glasi. "Bibi, huu ukwaju wako leo umeamka na uchovu?"

Nilimpa mwingine bure ili akae kimya. Hakukaa kimya, mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri.

Nilimfuata mzee karakana na chupa mkononi. Nilimwambia yote ya kumwambia, na mengine ya miaka iliyopita. Dawa kwenye chupa ya juisi! Na wajukuu wanafungua friji kila wakitoka shule. Alisikiliza ameinama. Akakiri chupa ni kosa, kopo lake la asili alikuwa nalo. Halafu akasema polepole, "Bi mkubwa, hii ndiyo iliyobaki, na nyingine inaagizwa mbali. Ikigandia humu kwenye bati, matufe ya watu nayarudisha na matundu yake. Hawataniita tena. Nitarudi barazani."

Barazani. Niliuona wali wangu, nikaiona nazi yangu.

Nina mtungi wa maji, aliniachia mama yangu, unakaa kwenye mchanga mbichi kivulini nyuma ya nyumba. Maji yake baridi kuliko ya friji. Nikaumwaga, nikaukausha, nikamwambia arudishe dawa koponi, kopo liingie humo, kifuniko juu, na mchanga niutie maji mwenyewe kila asubuhi. Akasema ile dawa ya pili, ya kugandishia, isikae karibu na mwenzake. Nikamwambia nimeelewa, wake wenza hawalazwi chumba kimoja. Ya pili nikaitia kwenye chungu cha zamani chenye ufa, upande wa pili wa ua, juu, mkono wa mtoto haufiki.

Haikuganda. Siku alipomaliza tufe la kwanza aliniletea, akanitaka nitafute tundu la zamani lilipokuwa. Nikapapasa kote, sikuliona. Nikamwambia limepauka kidogo ubavuni. Akacheka, maana alijua halijapauka.

Jua likamzidi siku ile. Akaenda nyuma ya nyumba na kata kama alivyozoea miaka yote, nikasikia kifuniko kinafunuliwa, kisha kata inagonga bati la kopo.

"Bi mkubwa, maji yangu ya mtungini yako wapi?"

"Muulize mke mdogo," nikamwambia, nikaendelea kuchambua mchele.