Mwaka Nilioandika Hasara

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka huona haya peke yangu. Ilikuwa asubuhi, wenye maduka wamekwisha kuchukua mikate yao, nami nimesimama katika bekari yangu ya Kisauni nikimfokea mtu aliyekuwa akinitumikia kwa moyo safi. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliniambia kweli.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi bado kijana, damu yachemka. Bekari niliirithi kwa marehemu baba, na Mungu akaibariki, mikate yetu ikafika hadi Mjambere na kupita. Basi nikataka kufungua ya pili Likoni, upande wa Shelly Beach, kwa tamaa ya kuuzia mahoteli. Nikakodi jengo, nikavunja kuta nikajenga nyingine, nikaweka tanuri jipya. Na kwa kuwa kila mwenye biashara siku hizo alikuwa akisifu kompyuta, nami nikanunua yangu, pamoja na programu ya kuwekea hesabu. Programu yenyewe ilikuja kwenye disketi tatu ndani ya boksi, na bei yake, wallahi, ilikaribia bei ya mashine. Nikawa nawatania watu kwamba nimenunua boksi la hewa.

Karani wangu wa hesabu alikuwa Kadzo, mama wa watoto wawili, Mgiriama aliyekaa Mishomoroni. Nilimlipia mafunzo ya kutumia programu ile, naye akaijua vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Ulipofika wakati wa kupeleka hesabu za mwaka ofisi ya kodi, nikamwambia aandike kila kitu, jengo, tanuri, kompyuta na programu, kuwa ni matumizi ya mwaka ule mmoja. Nilitaka faida yote imezwe, kodi isibaki.

"Mama, haiendi hivyo," akaniambia. "Unga na kuni ni matumizi ya mwaka. Tanuri ni mtaji, na programu hii tutaitumia miaka. Gharama yake tutaitoa kidogo kidogo, kila mwaka na sehemu yake."

"Pesa zimetoka kwangu au hazikutoka?"

"Zimetoka, mama."

"Basi zimetumika. Andika!"

"Hilo siwezi kuliandika nikalitilia mkono wangu."

Hapo ndipo nilipofoka. Nikamwambia kama kazi imemshinda, mlango uko wazi. Kadzo alifunika kompyuta kwa kitambaa chake, akachukua mkoba, akaenda zake. Nami nikakaa nikaandika kwa mkono wangu: hasara.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Haikupita miezi mingi nikaitwa ofisi ya kodi. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mtaratibu, hata sauti hakuipandisha.

"Mama, hapa wasema umepata hasara," akasema. "Na hapa naona umejenga bekari ya pili. Hebu nieleze, hasara hii imejengaje?"

Akaniambia nirekebishe hesabu, nilipe kodi niliyoikwepa na faini juu yake, na akanipa muda. Nilitoka pale nikipiga hesabu kichwani. Bekari ya Likoni ilikuwa bado haijawashwa, na watu kumi na mmoja nilikwisha kuwaahidi kazi. Nikiuza tanuri jipya nilipe, wale watu nitawaambia nini?

Nikaenda Changamwe kwa Mzee Katana, aliyemwekea baba yangu hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwanaisha. Umekuja na makaratasi mengi hivi, basi hujaja kunijulia hali."

Alivaa miwani, akaanza kuzitenga risiti mafungu mawili juu ya meza, moja moja, wala hakuharakishwa na pumzi zangu. Tanuri jipya, kuta, kompyuta na programu, huku. Unga, kuni, mishahara, pango la jengo, huku. Kisha akatoa chini ya rundo vikaratasi ambavyo mimi sikuvijali hata kidogo: mafunzo ya Kadzo, matengenezo ya mlango wa tanuri la zamani, karatasi za kuchapia.

"Haya yote yalikuwa haki yako kuyatoa mwaka ule ule," akasema. "Hukuyaandika. Ulishughulika na usilopewa, ukaacha ulilopewa. Mali bila daftari huisha bila habari, mwanangu."

Nikamwuliza, "Mzee, tanuri naelewa, laonekana. Lakini programu? Kitu kisichoshikika kitachakaaje?"

"Itakutumikia zaidi ya mwaka huu?"

"Naam."

"Basi usiihesabu pamoja na unga. Na kesho sheria ikisema vingine, utafuata ya kesho. Kuuliza si ujinga." Akavua miwani. "Karani wako yuko wapi?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Kodi utailipa, itakwisha. Lakini mtu aliyekushika mkono usianguke, nawe ukamsukuma, huyo utamlipa nini?"

Maneno yale yaliniuma kuliko barua ya kodi. Kesho yake nikaenda Mishomoroni. Nikamkuta Kadzo mlangoni kwake akikaanga mahamri ya kuuza, apate chakula cha watoto. Nikamwomba msamaha pale pale, majirani wasikia. Aligeuza mahamri yake kwanza, yasiungue, ndipo akanitazama.

"Nitarudi, mama. Lakini nikisema hapana kwenye hesabu, iwe hapana."

"Iwe hapana," nikamwambia.

Alirudi, akazipanga hesabu upya. Vile vikaratasi vidogo vikapunguza deni kuliko nilivyotarajia, na afisa akatukubalia kulipa kwa awamu. Likoni tulichelewa miezi minane. Watu wawili kati ya wale kumi na mmoja walichoka kungoja wakaenda kutafuta riziki kwingine, na hilo lingali laniuma. Lakini tuliwasha tanuri, alhamdulillahi, na kila mwaka uliofuata sehemu ya gharama zile ikawa yatupunguzia kodi kwa halali, hasa miaka ambayo faida ilipanda. Baadaye Kadzo ndiye aliyeisimamia bekari ile, na mikate yake ikapendwa kuliko yangu.

Basi mwanangu unayeanza biashara, nisikilize. Unapopanua kazi, jua ni kipi kinachokwisha mwaka huu na ni kipi kitakachokutumikia miaka, na kila kimoja ukiandike mahali pake. Tunza risiti, hata ile ndogo. Usiandike hasara pasipo na hasara. Kabla ya kununua mashine na programu, muulize mwenye kujua sheria ya mwaka huo, maana sheria hubadilika. Na akitokea mtu kazini kwako akakwambia hapana kwa heshima, mketishe karibu. Ukishakosea, rudi mapema. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.

Mola akufungulie milango ya riziki, akupe watu wakweli pembeni yako, na akujaalie masikio ya kuwasikia. Amina.