Somo la Jumanne na Ijumaa

Wiki ya kusajili kozi ilipoanza, Dada Stoo alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba tangu saa mbili asubuhi, na kufikia saa tano mfumo ulikuwa umemtupa nje mara sita. Mfumo ule ulikuwa na tabia za karani mvivu: unakuuliza jina, unakuuliza namba, unakuacha ungoje, halafu unakuuliza jina tena. Ulipomkubali hatimaye, ulimwandikia kwa maandishi mekundu kwamba hajakidhi masharti ya kuhitimu. Kilichopungua kilikuwa kimoja tu, Takwimu ya Kwanza, somo la mwaka wa kwanza. Yeye alikuwa anaingia mwaka wa nne.

Jina la Dada Stoo alipachikwa na wanafunzi wenzake, watoto wa miaka ishirini na kitu, waliposikia kwamba kabla ya kuja chuoni alikuwa mtunza ghala kwa miaka tisa. Hakulichukia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita na stashahada ya ugavi aliyoipata kwa kusoma jioni baada ya kazi. Shahada aliifuata kwa sababu moja: kila nafasi ya umeneja ilipotokea pale ghalani, alipewa kijana mwenye shahada, kisha yeye akaambiwa amfundishe kijana huyo kazi. Mara ya tatu alichoka, akaandika barua ya kuacha.

Na Takwimu hakuikimbia kwa uvivu wala kwa kuogopa hesabu. Aliisajili mwaka wa kwanza, na wiki ya tatu figo za baba yake zikashindwa kazi. Hospitali ilimpangia mzee siku zake za kusafishwa damu kwa mashine: Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Takwimu ilifundishwa Jumanne na Ijumaa, saa mbili hadi saa nne, na mazoezi yake hadi saa sita. Ilikuwa hivyo mwaka huo, na mwaka uliofuata, na uliofuata tena, katika ukumbi uleule, na mhadhiri yuleyule aliyekuwa akiita majina na kuzuia simu. Dada Stoo aliomba hospitali wambadilishie mzee siku. Muuguzi alimwonyesha daftari: mashine sita, wagonjwa arobaini na tatu. Akaenda kwa mshauri wake wa masomo, bwana mwenye wanafunzi mia mbili mgongoni, aliyekuwa akitia saini fomu bila kuinua macho.

"Mwalimu, hakuna njia nyingine ya hii Takwimu?"

"Takwimu ni lazima," alisema mshauri, akavuta fomu inayofuata.

Basi kila mwaka Dada Stoo aliisajili kwa matumaini, na kila mwaka ilipofika wiki ya kuongeza na kupunguza kozi, aliifuta. Asubuhi za Jumanne na Ijumaa alizimalizia kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine, akisoma masomo mengine huku akiuangalia mkono wa baba yake usije ukasogea.

Mzee huyo alikuwa msahihishaji wa prufu. Miaka thelathini na moja alikaa katika kiwanda cha uchapaji akiwinda makosa ya watu wengine, na alipostaafu hakuacha. Alisoma kila kilichopita mbele yake, karatasi za dawa, matangazo ya vifo, maelekezo ya nyuma ya paketi ya sabuni. Siku ya kwanza hospitalini aliirudisha fomu yake mapokezi. "Binti yangu," alimwambia karani kwa upole, "hapa mmeandika nimelazwa kabla sijazaliwa." Wauguzi walimpenda tangu siku hiyo.

Kwa hiyo Dada Stoo alimficha kitabu cha mwongozo wa chuo. Kila mwanafunzi mpya hupewa kitabu hicho, kurasa mia moja na themanini za masharti zilizoandikwa na watu ambao ni dhahiri hawakutaka zisomwe. Yeye alisoma kurasa za kozi zake tu, kama tunavyofanya wote. Lakini baba yake angekisoma jalada hadi jalada, angeona kwamba Takwimu ni ya mwaka wa kwanza, angeuliza kwa nini haijasomwa, na jibu lingekuwa ni yeye. Mzee alipomwomba, "Niletee hicho kitabu chenu nikipitie," Dada Stoo alisema wamegawiwa wachache. Alipoomba tena mwaka wa pili, alisema kimeazimwa. Kitabu kilikuwa chini ya nguo zake kabatini. Alijiona amefanya la maana, na kwa kweli alifanya kwa kumpenda.

Alilolisahau ni karatasi ya matokeo. Siku mbili baada ya kusajili, aliiacha mezani akaenda kuoga, na alipotoka alimkuta mzee ameivalia miwani.

"Hii Takwimu umeifuta mara tatu," alisema mzee.

"Ilikuwa inagongana na masomo mengine, Baba."

"Inagongana na mimi." Aliiweka karatasi chini taratibu. "Ratiba umeibandika ukutani kwako. Jumanne na Ijumaa. Miaka mitatu nimekuzuia kumaliza shule, na hukusema."

Dada Stoo aliapa kwamba hajali, kwamba ataisoma mwaka ujao. Wote wawili walijua daktari alivyokuwa akiutamka mwaka ujao.

"Nataka nikuone umevaa joho," alisema. "Sitaki kusimuliwa. Mwaka huu utaisoma, na mimi nitakwenda mwenyewe. Miguu ninayo."

Walibishana siku nne. Mwisho shangazi, dada wa mzee, mjane aliyekuwa akiishi nao na kushonea watu sare za shule, alikata shauri: Jumanne atamsindikiza yeye. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupeleka sare kwa wateja, hakuweza. Ijumaa mzee angechukua gari la kukodi, la dereva jirani, kwenda na kurudi. Dada Stoo alikubali, na moyo haukutulia hata siku moja. Ukumbini alikuwa akinakili fomula za mkengeuko huku akihesabu saa: sasa wanamchoma sindano, sasa yuko nusu, sasa anapumzika. Wale watoto walimtania kwamba Dada Stoo anapenda saa ya ukutani kuliko mhadhiri. Mzee kwa upande wake alikuwa na furaha iliyoudhi. Kila jioni alitaka kuonyeshwa mazoezi yake, na ingawa hesabu hazikumpanda, alisahihisha vituo na mikato.

Wiki ya kumi, Ijumaa, mashine ilimaliza na mzee saa sita kasoro. Walimpima shinikizo la damu, wakasema liko chini kidogo, akae kwanza. Alikaa kwenye benchi la korido akimsubiri dereva. Dereva alichelewa dakika ishirini, na alipofika muuguzi alimwambia asimwamshe kwa haraka, mzee amesinzia. Hakuwa amesinzia.

Siku hiyo kipindi kilirefushwa kwa ajili ya mazoezi ya mtihani. Simu ya Dada Stoo ilikuwa imezimwa ndani ya begi, kama sheria ilivyotaka, na alipoiwasha mlangoni ilikuwa saa saba na robo. Shangazi alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Alizika, akakaa nyumbani wiki mbili, akarudi kufanya mtihani. Watu walimsifu kwa kupiga moyo konde. Hakupiga moyo chochote. Aliufanya kwa sababu baba yake alikuwa amelilipia somo lile, na kuliacha baada ya hapo kungekuwa ni kumzika mara mbili. Alipata C.

Miezi mitano baada ya msiba, zamu yake ya kukaguliwa kabla ya mahafali ilifika. Ofisini kwa msajili kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mchangamfu, mwenye faili la kila mtu na kalamu ya kijani. Alipitia kozi moja baada ya nyingine akiweka alama, kisha akasimama.

"Wewe uliingia na stashahada ya ugavi?"

"Ndiyo, mama."

"Na Takwimu ulifaulu humo. Sasa hii ya huku uliisomea nini?"

Dada Stoo hakuelewa swali.

"Wenye stashahada wanasamehewa," alisema yule mama. "Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Unajaza fomu moja, unaambatisha cheti, basi. Hawakukwambia?" Alimwona uso ulivyobadilika, akadhani ni uchungu wa kupoteza muda, naye alikuwa na roho nzuri. "Usijali, mwanangu. Umepata na C."

Alimgongea muhuri. Dada Stoo alishukuru, akatoka. Nyumbani hakuvua hata viatu. Alitoa kitabu chini ya nguo, akafungua ukurasa. Yalikuwa maneno ya mistari miwili, kwa herufi ndogo, chini ya jedwali. Baba yake angeyaona kabla chai haijapoa. Angeyapigia mstari kwa penseli, angemwita, angemcheka, na Ijumaa ile angemkuta binti yake kwenye kiti cha plastiki. Alikaa sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akiwa ameziba mdomo kwa mto.

Shangazi alimsikia. Aliacha cherehani, akaja na kusimama mlangoni, uzi ukiwa bado umemning'inia begani. Tangu msiba alikuwa amekonda, na chakula alikuwa akikigusagusa tu.

"Wamekukatalia?"

"Hapana, Shangazi. Wamenipitisha. Nitavaa joho."

Shangazi alijishusha polepole, akakaa kando yake. Kitabu alikiona, lakini yeye hakuwa mtu wa kusoma vitabu.

"Kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza, nakosa nguvu," alisema. "Ijumaa ile ningeziacha zile sare. Watoto wasingekufa kwa kukosa sare siku moja. Usiku najilaumu, halafu najiambia, labda isingekuwa hivyo kama mtoto angeweza kuliruka hilo somo. Hebu niambie kweli. Lilikuwa la lazima?"

Dada Stoo alifunga kitabu.

"Lilikuwa la lazima, Shangazi."

"Hapakuwa na namna?"

"Hapakuwa na namna."

Shangazi alishusha pumzi ndefu, akamwegemea begani. Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, alimaliza chakula chake.