Wimbo Niliosema Si Wangu

Mama yangu alibeba majani ya ng'ombe kichwani karibu maisha yake yote, kutoka tambarare hadi kwetu mlimani. Huku ng'ombe wanafungwa bandani, chakula wanaletewa. Alipofariki nikamtungia wimbo: "Mama, tua mzigo wa majani, umefika nyumbani." Sikuuandika popote. Niliwafundisha wanakwaya wenzangu kwa mdomo tukiwa tunamenya ndizi za msiba, tukauimba siku tuliyomzika kihambani, katikati ya migomba ya ukoo.

Miezi ikapita. Siku moja niko saluni mtaa wa Soweto, nasukwa, redio ikauimba. Mwimbaji mmoja wa injili wa hapahapa Moshi, tuni yangu ileile, maneno yangu yaleyale, isipokuwa moja. Yeye anamwambia mama atue mzigo wa dhambi. Dhambi gani? Mama yangu na goti lake bovu, mama yangu wa mundu na kamba, dhambi alizibeba saa ngapi? Nililia pale kwenye kiti hadi msusi akadhani ameniumiza.

Nikatafuta namba yake, nikampigia. Kumbe aliuona kwenye video ya mazishi iliyokuwa inazunguka kwenye simu za watu. Akanijibu kwa upole ule unaokera zaidi ya matusi. "Dada, nyimbo za misiba ni za wote. Halafu mimi nimeshausajili." Kwaya yetu ilipouimba na kuweka video mtandaoni, akalalamika, ikaondolewa. Eti sisi ndio wezi.

Nilikonda. Chakula kilikuwa hakipiti. Mwisho nikaenda kwa mwanasheria mjini, binti mdogo tu. "Shikamoo mama," akanivutia kiti, akanisikiliza mpaka nikamaliza kulia.

Akanieleza taratibu. Hakimiliki inaanza pale unapotunga, si pale unaposajili. Usajili ni ushahidi tu, na ushahidi unaweza kupingwa. Wazo la kumuaga mama ni la kila mtu, huwezi kumkataza nalo mtu. Lakini maneno na tuni ulivyovipanga wewe ni vyako, hadi ufe na miaka mingi baada ya hapo. Hata kuyabadili bila ridhaa yako ni kosa. Jamani, nilipumua. "Sasa tuonyeshe tu kwamba ulianza wewe," akasema.

Nikampa flashi yenye video nzima ya mazishi. Tukakaa kuangalia. Nikajiona nimesimama kando ya jeneza, kipaza sauti mkononi, nasema wazi kabisa: "Wimbo huu si wangu, ni wa Bwana. Mimi nimepewa tu."

Binti akasimamisha video. Nikaanza kujieleza mbiombio: kwetu hakuna mwanakwaya anayesimama mbele za watu akasema nimetunga mimi. Ataambiwa anajikweza. Wote tunasema hivyo, ni adabu tu.

"Haki yako haijafa kwa maneno hayo, mama," akasema. "Ila upande wa pili watayacheza mbele ya hakimu mpaka achoke. Tutahitaji wanakwaya waje waseme uliwafundisha wewe."

Nikapanda mlimani kuwaomba. Niliwaomba mpaka nikaona aibu. Hakuna aliyekataa kwamba niliwafundisha, ila kwenda mahakamani hakuna aliyetaka. Kiongozi wa kwaya, mwanamke niliyeimba naye tangu usichana, akaniuliza, "Si ulisema mwenyewe ni wa Bwana? Sasa utamshtaki mtumishi wake kwa lipi?" Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Mwaka ulipotimia tukafanya ibada ya kumbukumbu kaburini. Mchungaji akaomba wimbo, na kabla sijafungua kinywa, watu wakaanza ule. Wajukuu, majirani, ndugu waliotoka Sanya Juu, wote wanauimba kwa furaha jinsi redio ilivyowafundisha. Mzigo wa dhambi. Juu ya kaburi lake. Nikaimba majani kwa sauti yote niliyokuwa nayo, peke yangu, kila ubeti, koo likanikauka.

Mama mdogo, aliyebeba majani na mama yangu tangu wakiwa wasichana, akanishika mkono. Akaniinamia sikioni kwa huruma kabisa.

"Mwanangu," akasema, "unakosea maneno."