Chaki ya Mkuu wa Ghala

Mkuu wa ghala la mvinyo pale mjini Jerez hakuonja mvinyo mbele ya mtu, alinusa tu. Kila asubuhi, msaidizi wake Casilda akimwagilia mchanga wa sakafuni ili ghala lisipate joto, mzee alipita kati ya mapipa akinong'ona, maana mvinyo mweupe uliolala miaka tisa ndani ya mbao, alisema, haupendi kelele. Alizamisha kikombe chembamba chenye mpini mrefu kwenye tundu la pipa, taratibu, asiuchane utando wa hamira uliotanda juu kuukinga mvinyo na hewa, akamimina kwenye glasi, akafumba jicho moja. Mvinyo ukinukia lozi na unga uliokandwa, alichomoa chaki nyuma ya sikio akachora mstari mmoja. Ukinukia siki, alichora msalaba, na pipa likatolewa siku hiyohiyo lisije likaambukiza majirani zake.

Jumanne moja Casilda alisimama, glasi ya mvinyo mkononi, mbele ya pipa ambalo mzee alilichora mstari jana yake. "Mzee, hili limeharibika. Siki tupu."

"Binti, umejipulizia manukato nini?"

"Manukato gani? Asubuhi nimekula kitunguu saumu, na bado naisikia harufu ya siki."

Mzee akaingiza pua kwenye glasi, akakaa humo muda mrefu kama anayesubiri kufunguliwa mlango. Halafu akaufuta mstari kwa mkono wa koti, akachomoa chaki, akamwekea Casilda kiganjani.

"Na hili la jirani yake," akanong'ona, "unalisikiaje?"