Pikipiki Zisizo na Breki

Bibi yangu mzaa baba alikuwa amekaribia miaka sabini, hajapata kupanda pikipiki hata ya kupigia picha, lakini kuna mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, ambao aliifuatilia ligi kuu ya mbio za pikipiki za Uingereza kuliko alivyofuatilia talaka za mtaani. Lawama ni za kaka yangu. Alikuwa akisoma uhandisi katika mji mdogo wa huko, mji ambao kwa maelezo yake ulikuwa na vitu viwili tu, mvua na uwanja wa pikipiki. Mvua haitiwi kwenye mzigo, kwa hiyo akatuletea pikipiki.

Zilikuja kwa kanda za video. Pale uwanjani walikuwa wakiuza kanda za mechi, na kaka alizinunua, akazifunga kwenye soksi, akazitafutia msafiri. Sisi watu wa Maskati hatuachiwi kurudi kutoka London mikono mitupu. Mtu kaenda kutibiwa mgongo, anarudi kabeba mizigo ya nyumba saba. Kanda moja ilizuiwa uwanja wa ndege ikaguliwe kama ina mambo ya aibu. Ilipotoka ilikuwa imerudishwa mwanzo vizuri kabisa, adabu ambayo hata nyumbani kwetu hatukuwa nayo, nikajua huyo mkaguzi aliitazama yote.

Mchezo wenyewe ni wa wendawazimu. Wanaume wanne wanazunguka uwanja wa udongo mara nne, kila kona ni ya kushoto, na kila kona wanaipita kwa kuteleza ubavu huku gurudumu la nyuma likirusha udongo. Pikipiki hazina breki. Fundi mmoja wa Kenya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye gereji iliyopakana na ukuta wetu, alikuwa akija kusimama mlangoni Ijumaa akisikia ngurumo za televisheni, na siku ya kwanza alishika kichwa. "Mama, hakuna brake? Wallahi hata mudir, bosi wangu, na haraka zake zote hawezi panda hiyo kitu." Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila wiki, ila wallahi za Maskati zilikuwa zimeshamwingia.

Katika kila mbio wawili ni wa timu hii na wawili ni wa timu ile, na hutambulikana kwa rangi za kofia. Bibi alichagua nyekundu. "Bendera ya Seyyid kule kwetu Unguja ilikuwa nyekundu," alisema, na hapo mjadala ukafungwa.

Sasa, nyekundu si timu. Nilisoma nyuma ya boksi la kanda nikaelewa: kofia nyekundu na buluu huvaliwa na wenyeji, yaani timu ambayo uwanja ni wake, nyeupe na njano ni za wageni. Kanda nyingi za kaka zilikuwa za mechi za nyumbani, kwa hiyo wekundu wa Bibi walikuwa ndio hao hao wa timu ya mjukuu wake, na sote tukawaita wekundu wetu. Lakini mara mbili ilikuja kanda ya ugenini. Vijana wa kaka wakatoka na kofia nyeupe na njano, na Bibi, bila hata kupepesa, akawashangilia wekundu dhidi yao. Mmoja wa vijana wetu alipoanguka alicheka, akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nilijaribu kumweleza. Akaniambia nikamtazame samaki jikoni anaungua. Samaki alikuwa bado yuko kwenye friji. Nikasema moyoni, uzee umeingia, na nikaacha.

Mtu pekee aliyezichukia kanda hizo alikuwa ami yangu, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa na cheo serikalini na jumba kwenye mtaa wa wakubwa, Madinat Sultan Qaboos, jumba ambalo ukitaka chumvi kutoka jikoni unavaa viatu kwanza. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bibi alipotoka eda tu, Ami alianza: ahame kwake, nyumba yetu ya Wadi Kabir iuzwe. Mnunuzi alikuwepo tayari, mwenye ile gereji, aliyetaka kupanua. Nyumba hiyo Bibi na Babu waliijenga wakati bonde lile ni mawe na mbuzi, kabla nyundo na rangi za magari hazijawazunguka. Mimi nilikuwa nikiishi naye, kwani baba yangu alikuwa kazini Abu Dhabi na alikubaliana na kila mtu kwa simu. Bibi akihama, mimi ningehamishwa pamoja na friji.

Kila Ijumaa Ami alikuja kula, na kila Ijumaa wali ulipokwisha maneno yalianza.

"Mama, chumba chako tayari. Kina bafu lake."

"Nna bafu hapa."

"Kiko juu, kimya kabisa, hakuna gereji."

"Kimya ntakipata kaburini, mwanangu. Haraka ya nini?"

Alipoona maneno yamemwishia, Bibi alishika pikipiki. Alisema mjukuu wake anahangaika na kanda ugenini, itakuwa dharau kuhama katikati ya msimu. Ami akajibu kwamba deki anayo, tena kubwa. "Na yule fundi mlangoni," akauliza Bibi, "tutamchukua na yeye?" Ikakubaliwa, kwa uchungu, kwamba Ami angoje mpaka msimu wishe. Ami alidhani ni jambo la wiki chache. Hakuwa ameuliza, na ligi yenyewe huanza Machi ikaisha Oktoba, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua kwa habari hiyo.

Tena kulikuwa na mvua. Mvua ikinyesha uwanja unakuwa tope na mechi inaahirishwa. Kaka alipopiga simu kusema wameahirisha tena, Bibi aliinua mikono juu. "Alhamdulillahi. Mola awazidishie." Nchi yetu nzima tulikuwa tukiomba mvua kwa ajili yetu, na Bibi peke yake, kwenye msala wake pale Wadi Kabir, akiwaombea Waingereza. Na walinyeshewa kweli. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, lakini nilimwitikia amin, na ilikuwa inatoka moyoni.

Ila msimu ni msimu, uliisha. Ikabaki kanda moja ya mwisho, iliyokuwa njiani na bwana mmoja wa Sidab aliyepitia Dubai kwa mkwewe. Ami hakuweza kungoja tena. Alikuja na kalamu mfukoni, tayari kwa sahihi ya mauzo, na Bibi akaiona ile kalamu.

"Basi sikiliza," akamwambia. "Kanda ya mwisho ikifika, tuitazame pamoja. Wekundu wakishinda, nnabaki na usinitajie tena habari hii. Wakishindwa, nnakuja kwako na sufuria zangu."

"Mama, hiyo kamari."

"Mie sikutoa hata baisa. Kamari iko wapi?"

Ami alisema atafikiri. Kesho yake akapiga simu, amekubali. Alikuwa mtamu mno, na ami yangu hakuwa mtu wa utamu, kwa hiyo nikaingiwa na wasiwasi. Jioni kaka akapiga. "Ami kanitafuta mpaka chuoni," akasema, anacheka. "Ati anataka kujua mechi ya mwisho imekwendaje. Nikamwambia tumefungwa, tena vibaya, na ubingwa umekwenda. Tangu lini anapenda pikipiki?"

Nilimweleza yote. Akasema, "Basi Bibi kahama."

Nilimkasirikia Ami kwa hasira ambayo sijamkasirikia mtu mwengine tangu hapo. Yeye aliyetusomea hukumu ya kamari! Nikaenda kwa Bibi, nikamkuta anachambua mchele. "Bibi, na tuseme wekundu wakishindwa?" Akasema, "Tutahama," kama anayesema tutakula mchana. Nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu niliipenda nyumba ile, pamoja na kelele zake.

Ijumaa, baada ya sala, Ami alikuja na mkewe, na kwenye buti ya gari lake kulikuwa na maboksi matupu. Niliyaona. Alikaa kwenye kiti cha Babu akapandisha mguu juu ya mguu. Fundi alikuwa mlangoni amevaa shati safi. Nikatia kanda.

Wakatoka waendeshaji wa mbio ya kwanza, wakajipanga kwenye utepe wa kuanzia. Nikawatafuta vijana wetu, ambao nilikuwa nawajua kwa miili yao kama nnavyowajua binamu zangu, nikawaona. Mmoja kofia nyeupe. Mwenzake njano.

Mechi ilikuwa ya ugenini. Kaka hakutaja, kwani kwake naye wekundu walikuwa ni timu yake tu, na Ami hakuuliza, kwani hakuwahi kuzijua rangi zile zina maana gani. Nilitia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma.

Wekundu walishinda mbio ya kwanza. Ami akatabasamu. "Bado, Mama, usifurahi mapema." Wakashinda ya pili. "Bado," akasema, akamega halua. Mbio za katikati akashusha mguu. Baadaye akaacha halua. Kufika mwisho alikuwa ameinama mbele kabisa, karibu aingie kwenye televisheni, na wale wekundu wanarushwa juu na wenzao huku watu wao wanapeperusha skafu.

"Lakini timu ya mtoto imefungwa!" akapiga kelele.

"Imefungwa, masikini," akasema Bibi. "Wewe ulijuaje, na kanda ndo kwanza inafika?"

Mke wa Ami akaitazama dari. Fundi alikohoa, akakumbuka kwamba kuna gari linamngoja, akaondoka haraka.

"Si hivyo, Mama," Ami akasema, uso umemwiva. "Wekundu leo si wa kwetu. Hao ni watu wengine!"

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu kanda ya pili. Nyekundu huvaa mwenye nyumba. Mie miezi yote hii simshangilii mwengine, namshangilia yeye tu, awe nani. Mcheza kwao hutuzwa."

Nilitaka kucheka lakini nilimtazama usoni, sikuweza. Alikuwa amemgeukia Ami na hana mzaha tena.

"Unguja, siku ya mapinduzi, nilitolewa nyumbani kwangu na watu wasionijua, hakuna aliyeniuliza. Nilitoka na wewe mgongoni na ndugu yako mkononi, na mchuzi uko motoni. Hapa sitoki. Safari hii nimeulizwa, na jawabu ndo hilo."

Ami alikuwa mtoto mchanga siku ile, na habari za Unguja alizijua kama tulivyozijua sote, kwa vipande, na hatukuwa na desturi ya kuuliza. Akavua kilemba chake akakiweka magotini. Nilidhani atasimama aende zake kwa hasira.

"Mchuzi gani, Mama?" akauliza.

"Wa papa," akasema Bibi. "Nilikuwa bado sijautia ndimu."