Mawese Ndani ya Amotisa

Nakumbuka siku moja tulivyotoka Walikale kurudi Masisi, mwanangu, na huwa naikumbuka kila unaponiuliza kwa nini sombe yangu, haya majani ya muhogo, haina mawese. Juzi umeuliza tena, mdomo umejaa, ukasema mimi shangazi yako nakupikia majani ya mbuzi. Nilicheka, maana wewe unajua kunichekesha. Lakini leo mchana nilikusikia hapa mlangoni ukimwambia mteja neno moja, na kicheko kikanikauka. Leo nitakujibu. Weka chini hiyo bisibisi, ukae.

Mteja mwenyewe, yule muuguzi wa Muheto kule vilimani, alikuletea baiskeli yake, ile ya milimani yenye amotisa mbele, ile miguu miwili inayonepa gurudumu linapogonga jiwe. Mafuta yalikuwa yanavuja juu ya mguu wa kushoto. Mimi nauza vipuri hapa Sake tangu hujazaliwa. Nilipoiona ile pete ya mafuta nilijua mipira ya ndani imechoka, ile ya duara tunayoiita spi, inayozuia mafuta yasitoke na tope lisiingie. Wewe pia ulijua, kwa sababu nimekufundisha mwenyewe. Na ulijua kwamba spi za kipimo kile hatuna, mpaka ziagizwe Goma.

Basi ukafanya nini? Ukachukua kitambaa ukaipangusa ile pete. Ukabonyeza usukani, baiskeli ikanepa vizuri mbele ya macho yake, ukamwambia: "Mama, iko bien. Kesho asubui unakuya kuikamata." Akakushukuru, akaenda kulala kwa dada yake. Kesho ataipanda hiyo baiskeli, na wewe unaijua ile miteremko kuliko mimi.

Iko bien, eti iko sawa. Niliposikia nikashika meza. Nilidhani baba yako ameingia dukani.

Ngoja nikuambie habari ambayo nyumbani kwenu hawakukuambia, au walikuambia kwa kuipindua. Nilikuwa nimeolewa na Anselme, mtu wa Masisi, shemasi kanisani kwao, mpole mpaka mbuzi walikuwa wanamfuata. Pombe alikuwa haonji. Baba yako, kaka yangu, alikuwa fundi wa moto, hizi pikipiki, kule Walikale, kijana, na nisimnyime sifa yake: mikono yake ilikuwa na baraka. Angefumba macho akasikiliza injini, angekuambia inaumwa wapi. Tulishuka Walikale kwa ubatizo wa dada yako mkubwa. Anselme ndiye aliyemsimamia mtoto. Watu walikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakacheza, na mume wangu alikaa na kikombe chake cha maji huku shemeji zake wakimtania kwamba anabatizwa yeye.

Njiani wakati wa kushuka, tope lilikuwa limekauka kwenye miguu ya mbele ya moto yetu, likakwangua spi mpaka zikapasuka. Mafuta yote ya amotisa yalikwisha. Anselme akamkabidhi baba yako moto hiyo kama mtu anavyomkabidhi ndugu. Asubuhi ya kuondoka tukaikuta imefutwa, inang'aa. Baba yako akaibonyeza-bonyeza pale uani, sehemu ya mbele ikawa inashuka na kupanda polepole, laini kabisa.

"Shemeji, iko bien," akasema. "Ata mupande mpaka mbinguni, itawafikisha."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Hakuwa na spi, mwanangu. Hakuwa na mafuta ya amotisa pia. Zile spi zilizopasuka alizigeuza, akazirudisha, halafu akajaza miguu yote miwili mawese. Mawese ya jikoni kwa mama yetu. Kule chini msituni ni joto, mawese hukaa maji siku nzima, na kwa vile ni mazito kidogo hayakuvuja upesi. Kazi ilionekana safi. Lakini wewe umekulia huku juu, unajua mawese yanavyokuwa asubuhi kwenye baridi ya Masisi. Yameganda, unayachota kwa kijiko. Baba yako alijua tunakokwenda. Alijua na baridi ya huko, maana alikuja kunitembelea akalalamika kuhusu baridi hiyo wiki nzima.

Tulilala njiani kwa waumini, juu kwenye vilima. Asubuhi kulikuwa na ukungu, tukaondoka. Hatukwenda mbali Anselme akaniambia: "Veneranda, hii moto iko namna gani leo? Inanipiga mu mikono." Nikamwambia aende polepole, na akaenda polepole. Sikiliza hilo vizuri. Alikwenda polepole kama mtu aliyebeba mayai. Tulipofika kwenye mteremko, gurudumu likagonga jiwe ambalo amotisa nzima ingelimeza bila sisi kujua. Mbele haikunepa hata kidogo. Ikaruka, ikatutupa nje ya barabara.

Moto iliniangukia mguu, huu unaoniona nikiuburuta. Anselme alikuwa chini yangu, kwenye shamba la maharage la watu, na hakunijibu tena. Mguu mmoja wa mbele wa moto ulikuwa umefunguka kwa kuanguka, na kilichokuwa ndani kilikuwa kinatoka polepole juu ya kikwembe nilichojifunga. Kizito, cha rangi ya chungwa. Mimi nimelelewa kwa mawese. Harufu ile ningeitambua hata usingizini. Nililala pale nikiinusa mpaka watu walipokuja kutubeba.

Sasa uje kwenye matanga. Wakwe zangu walikuwa wameshasikia kwamba huko Walikale watu walikunywa kasiksi. Likatoka neno, na neno likafika kanisani: shemasi amekufa mlevi. Kwaya haikuja. Wazee wa kanisa hawakuja kumwombea. Mume wangu, aliyewafundisha nusu yao nyimbo, alizikwa kimya kama mtu aliyefukuzwa. Mama yake alikuwa anainamisha kichwa kwa aibu, hata kulia akaogopa.

Baba yako alifika na mama yetu. Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa vijiti. Nikamuuliza baba yako mbele ya watu wote: "Bauma, uliweka nini mu moto ya shemeji yako?"

Akaangalia mikono yake. "Niliweka mafuta ya amotisa, dada. Ile ya kweli." Kisha akaongeza, na hakuna aliyemuuliza: "Shemeji alikuwa amekunywa kidogo."

Mwanangu, nimevunjika mfupa na nimezika mume. Maumivu ya sentensi ile sijayapatia jina mpaka leo.

Nikawaonyesha kikwembe. Nikawaambia wanawake wanuse, wao ni wapishi, wanajua. Mama yetu akanitangulia, akakichukua mikononi mwangu, akaniinamia sikioni. "Nyamaza, Veneranda. Mumoja amekwisha kufa. Unataka nipoteze na huyu?" Nilikuwa bado namheshimu mama kuliko mtu yeyote. Nilisema tena hata hivyo, kwa sauti. Akawaambia watu kwamba nimechanganyikiwa kwa uchungu, akaenda na kile kikwembe mtoni, akakisugua kwa majivu mpaka doa likafifia. Moto yenyewe wajomba zetu walikuwa wameshaipakia garini waende nayo, isikaguliwe. Ndiyo hekima ya wakubwa niliyopewa siku ile: nyumba ya mama yako ibaki nzima, jina la mume wako lioze. Wewe umefundishwa kuwasikiliza wakubwa, na mimi pia nakufundisha hivyo, lakini siwezi kukuambia kwamba walikuwa na haki. Hawakuwa nayo.

Mawese yenyewe siyo yaliyoniharibia moyo. Fundi hukosa vipuri, huku kwetu barabara zikifungwa tunakosa hata chumvi. Kama angesema tu, "Shemeji, miye sina spi, sina na mafuta, muache moto hapa mungoje," tungengoja. Tungekula kwa mama, Anselme angemshika mtoto wake wa ubatizo, tungecheka. Aliona aibu kusema sina mbele ya wageni waliokuwa wanamsifu. Na alipokwisha kuikwepa aibu ile ndogo, ikambidi ammwagie marehemu aibu kubwa.

Kwa hiyo sikiliza. Amotisa inayovuja haiponi kwa kitambaa. Unaifungua, unatoa spi za zamani bila kukwaruza mahali zinapokaa, unaosha mchanga wote hata ule usiouona, unaingiza spi mpya taratibu, ziingie sawa pande zote, na unaweka mafuta yake kwa kipimo chake. Kama huna kimojawapo, hiyo kazi hujaifanya, hata ing'ae namna gani. Na kabla ya kumrudishia mtu chombo chake, muulize anakwenda wapi. Hapa mlangoni kwetu ni tambarare, kila kitu kinanepa. Ataijaribu kazi yako peke yake mlimani, kwenye ukungu, na wewe utakuwa hapa unakunywa chai.

Siku ukikosea, na utakosea, useme wewe mwenyewe, upesi, kabla watu hawajatafuta marehemu wa kumtupia kosa lako.

Baba yako huja kila Krismasi, unamwona. Anakaa kwenye kiti kile, anakula sombe yangu, anaomba aongezewe. Mtu wa Walikale, aliyenyonya mawese kabla ya maziwa. Wageni wote huniuliza, majirani huniuliza, wewe umeniuliza tangu ulipojua kusema. Yeye hajawahi kuniuliza hata mara moja.

Sikutumi kwake. Mimi nimechoka kumngojea aseme ukweli, na sitaki uanze kungoja wewe. Ninachotaka ni kwamba kesho asubuhi yule muuguzi akija, umwambie kwa mdomo wako kwamba jana ulimdanganya, kwamba spi huna, na kwamba baiskeli haitoki hapa mpaka zifike. Atakasirika. Labda atakutukana mbele ya watu wa soko. Usimame pale utukanwe, halafu arudi kwao kwa gari akiwa mzima.

Mungu akubariki, mtoto wa kaka yangu. Akupe wateja, akupe mke mwenye kucheka, akufikishe kwenye mvi hizi bila mguu wa kuburuta. Akupe mikono ya baba yako, na ulimi wake asikupe.